Rafiki Aliyenuniwa Bure: Wasifu wa Dokta Apolinari Gaudensi Kobelo, 1979–2025

Dokta Apolinari Gaudensi Kobelo, ambaye tumekuja kumlaza hapa Chanika leo Jumamosi, alizaliwa Jumatano ya tarehe 14 Machi 1979 huko Temeke. Alikuwa mtoto wa nne na wa mwisho wa marehemu Mzee Gaudensi Kobelo, fundi bomba, na marehemu Mama Febronia. Kati ya waliomtangulia kuzaliwa amebaki hai mmoja tu, dada yake, Mwalimu Skolastika, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma. Wapo waliomshauri aandike mfupi na mtamu. Amewasikia, na ameandika hivi hivi.

Alikuwa mtoto mpole, ila alikuwa na ubishi wa aina moja: akishitakiwa, alitaka kujua nani kamsema. Siku moja Mzee alirudi kazini akaambiwa mwanawe katupa mawe juu ya bati la jirani. Mzee akavua mkanda. Mtoto akauliza, "Nani kasema?" Mzee akajibu, "Watu wamesema." "Watu gani, baba? Waite." Mzee alishindwa kuwaita, kwa sababu aliyepeleka maneno alikuwa amekataza asitajwe. Mkanda ukarudi kiunoni. Mama alizoea kusema kwamba huyu atakuwa hakimu, na kwa yaliyokuja kutokea, uhakimu ungekuwa nafuu.

Alisoma shule ya msingi Temeke kuanzia 1987 hadi 1993, kisha akapelekwa sekondari ya bweni Morogoro, karibu na kwa babu zake, hadi mwaka 2000. Mwaka 2001 aliingia chuo kikuu kusomea maji: yanatoka wapi, yanapita wapi na njiani yanabeba nini. Akapangiwa kitanda katika hosteli za Mabibo, na kitanda cha juu yake akapangiwa kijana kutoka Tanga aliyeitwa Abbasali, mtoto wa Mzee Mehdi muuza vitambaa. Mmoja alikuwa Mluguru wa Temeke, Mkatoliki wa kusali rozari. Mwingine alikuwa Mhindi wa Kikhoja asiyekosa msikiti. Wiki ya kwanza Apolinari alinunua sufuria mpya akaiweka kando, isionje kitimoto hata siku moja, na tangu hapo wakala pamoja.

Wale wawili walikuwa na namna yao ya kusomeana kazi. Mmoja akiandika, mwenzake anashika kalamu nyekundu, anakaa kitandani mbele yake na kuanza.

"Apo, ukurasa huu uchafu."

"Uchafu wapi?"

"Hapa. Na hapa. Umepima maji ya mvua ukayaita ya kisima."

Walibishana mpaka chumba cha jirani kikagonga ukuta, kisha wakateremka sokoni Mabibo kununua ndizi mbivu, wakarudi, mwenye kazi akaiandika upya. Wote wawili walihitimu mwaka 2004 kwa daraja la kwanza. Miaka hiyo hakuna kati yao aliyewahi kumkasirikia mwenzake zaidi ya muda wa kumenya ndizi.

Kwa desturi ya wasifu, ndoa huja baada ya kazi. Hapa inatangulia, kwa sababu ndoa ilikwenda vizuri. Jumamosi ya tarehe 5 Septemba 2009, Apolinari alimuoa Editruda, mkunga, kanisani Temeke. Alitaka Abbasali awe msimamizi wake. Paroko akasema msimamizi sharti awe Mkatoliki tena mwenye ndoa. Abbasali akasema, "Basi mie nipeni kamati." Akawa mwenyekiti wa kamati ya harusi, na waliokuwemo wanakumbuka alivyowatesa: kikao cha saa kumi ni saa kumi, na aliyechelewa alisikiliza akiwa wima. Mkewe, Mehrunissa, alisimamia biriani mwenyewe, na mpishi wa kukodi aliishia kuosha vyombo. Mungu akawajalia maharusi watoto wawili, Isack na Gaudensia.

Sasa kazi. Apolinari aliajiriwa chuoni mwaka 2006 kama mhadhiri msaidizi, akapata udaktari wake mwaka 2013, na mwaka uliofuata akahamia hapa Chanika kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Zamani huku kulikuwa na mihogo na mikorosho, sasa ni nyumba kwa nyumba. Kila anayejenga anachimba kisima, na kila anayejenga anachimba choo, na hakuna anayemuuliza jirani choo chake kiko upande gani. Marehemu aliuliza. Alizunguka na chupa zake mtaa kwa mtaa, akachota, akapima, akajua ni visima gani vinanyonya vyoo na kwa nini. Wengi mnaomsikiliza dada yake leo mliwahi kumfungulia geti. Hiyo ndiyo kazi aliyoiandika mwaka 2017 akaipeleka kwenye jarida la kitaaluma, na laiti angeibandika kwenye mlango wa duka.

Waombolezaji wengi hawajui wasomi wanavyopimana, na ni haki yao kutojua, maana ni mambo ya aibu. Msomi akishaandika, anapeleka mswada kwenye jarida. Mhariri anafuta jina lake, kisha anaupeleka kwa watu wawili au watatu wa fani hiyo hiyo wausome. Hao ndio wahakiki. Hawalipwi. Wanasoma wakipata nafasi, na nafasi huwa haipatikani. Siku wakimaliza wanatoa hukumu: ichapishwe, irekebishwe au itupwe. Hukumu inarudi kwa mwandishi bila jina la hakimu, imeandikwa tu Mhakiki wa Kwanza, Mhakiki wa Pili. Mwandishi hamjui msomaji, msomaji eti hamjui mwandishi, na wote wawili wanapishana kila asubuhi kwenye korido na kuulizana hali za watoto. Watu wazima hao, wana miwani na wana digrii, wanacheza kibe, mchezo wa kujificha.

Abbasali, ambaye ana moyo wa haki kuliko dada mtu, alimweleza kwamba utaratibu huu una maana yake. Mdogo anaweza kumwambia mkubwa amekosea bila kuogopa kumwaga unga. Kazi mbovu zinazuiwa kabla hazijawadanganya watu. Wapo wahakiki, alisema, wanaokesha kwenye kazi ya mtu wasiyemjua na kuifanya iwe bora, bila shukrani ya yeyote. Dada alisikiliza, na anakubali kwamba hao wapo. Lakini yeye kafundisha darasa la tatu karibu maisha yake yote, na akiweka kosa kwenye daftari la mtoto anaweka na sahihi yake, ili mzazi akitaka kuja kugomba ajue mlango wa kugonga. Watoto wa miaka tisa wamepewa heshima hiyo. Madokta wamejinyima wenyewe, tena wanajisifia.

Majibu ya jarida yalikuja mwaka 2018, wakati mwandishi ameshakata tamaa ya kuyasubiri. Mhakiki wa Kwanza aliandika mistari miwili: kazi nzuri, majedwali yapangwe vizuri. Mhakiki wa Pili aliandika kurasa tatu. Alisema Kiingereza cha mwandishi kinachosha. Alisema visima vya mahali panapoitwa Chanika haviwezi kumhusu msomaji wa kimataifa, kana kwamba msomaji wa kimataifa haendi chooni. Mwisho alisema ni wazi mwandishi hajasoma vya kutosha, akamwagiza asome kazi nne kuhusu maji ya chumvi yanavyoingia kwenye visima vya Kunduchi. Zote nne ziliandikwa na Abbasali, naye msomi wa maji. Mhariri, kwa uvivu wake, alimsikiliza aliyeandika sana, akaitupa kazi.

Hapa ndipo pa kuelewa vizuri. Wasomi wana imani moja ambayo haifundishwi darasani lakini wote wanayo. Kila msomi anataka kazi zake zitajwe na wenzake, maana kutajwa ndiko kunakompandisha. Kwa hiyo mhakiki asiye na jina akikushurutisha umtaje fulani, basi fulani ndiye yeye. Marehemu alitazama ile karatasi akaona jina la rafiki yake mara nne. Hakuhitaji ushahidi zaidi, yeye ambaye hakukubali hata maji ya bomba bila kuyapima.

Na hakuuliza. Kwa wasomi, kumuuliza mtu kama ndiye aliyekuhakiki ni utovu wa adabu, sawasawa na kumuuliza mtu jana alipiga kura gani. Basi akanuna. Aliacha kupokea simu za Abbasali. Sahani ya Idi ililetwa kutoka kwa Mehrunissa, akaagiza irudishwe kama ilivyokuja. Jumapili moja Abbasali alifunga safari hadi hapa Chanika kuuliza kulikoni. Marehemu alijifungia chumbani akamtuma mkewe aseme baba katoka. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, na Abbasali alisimama akivitazama, akasema, "Haya shemeji, akirudi msalimie," akaondoka.

Mwaka 2019 Mzee Mehdi, baba yake Abbasali, alifariki Tanga. Mzee huyu alimvalisha Apolinari suti ya mahafali kwa kitambaa kutoka dukani kwake. Mwalimu Skolastika aliposikia alimwendea mdogo wake siku hiyo hiyo.

"Apo, gari za Tanga ziko tele. Nenda ukazike."

"Dada, hujui alichonifanyia yule."

"Hata kama kakuchomea nyumba. Kafiwa na baba."

"Siendi."

"Kakufanyia nini basi? Sema."

"Mambo ya kazi. Huwezi kuelewa."

Kweli hakuelewa, na alipokuja kueleweshwa alitamani angebaki mjinga. Apolinari hakwenda. Mtu aliyelelewa na Gaudensi na Febronia, ambao walikuwa wakizika hata wadeni wao, aliacha kumzika baba wa rafiki yake kwa sababu ya karatasi isiyo na jina. Familia haitalipaka hilo sukari.

Kazi ya visima aliipeleka jarida la pili. Huko nako mhariri alitafuta anayejua maji ya pwani hii, na wanaojua hawazidi vidole vya mkono, kwa hiyo ikamfikia yule yule Mhakiki wa Pili. Naye hakujisumbua kuisoma tena. Alirudisha kurasa zake tatu za zamani, neno kwa neno, akasahau hata kufuta jina la jarida la kwanza. Mhariri wa pili hakuliona hilo, ama aliliona akanyamaza, na kazi ikapigwa chini tena. Apolinari alibaki na cheo kile kile huku aliowafundisha wakimpita. Hasira yote hiyo aliielekeza Kunduchi, kwenye nyumba ya Abbasali, mtu aliyekuwa hajui lolote.

Mwezi Agosti 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi, na kuanzia mwaka uliofuata akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine kila wiki. Editruda alimuuguza kwa namna ambayo haiwezi kusimuliwa bila kulia, kwa hiyo haisimuliwi. Alikatazwa chumvi, machungwa, ndizi na karibu kila kitu kinachomfanya mtu apende kuamka.

Jumapili moja ya Januari mwaka huu alikuja kumjulia hali profesa mmoja mkubwa wa fani yake. Wasifu huu utamwita Profesa. Alileta mfuko wa machungwa na mkungu wa ndizi, bila kuuliza mgonjwa anakula nini. Akajaa kwenye kochi, akasema "Pole sana, dogo," kisha akaanza kusimulia taabu zake mwenyewe.

"Majarida yananimaliza, dogo. Kila wiki miswada, miswada. Unasoma bure, halafu ukiwakosoa hawa vijana wa hapa nyumbani wanakununia."

Editruda akauliza, "Wanakujuaje, Profesa, na jina halionekani?"

Profesa akacheka mpaka akakohoa. "Wanijulie wapi! Mie nina dawa yao. Nikihakiki kazi ya mtu wa hapa hapa, nawaambiaga wakamsome yule Mhindi wa Tanga, Abbasali. Nazitia kazi zake tatu nne humo. Basi wanajua ni yeye. Wanamnunia yeye, mie nakunywa nao chai." Akajipiga paja. "Na yule jamaa nimempandisha chati kweli, hata ahsante hajanipa."

Marehemu alikuwa ameegemea mito. Akauliza, "Visima vya Chanika uliisoma wewe?"

"Visima vya wapi?"

"Chanika. Hapa ulipokaa."

Profesa akakunja uso, akatafuta kichwani. "Dogo, nimesoma visima vingi. Siwezi kukumbuka. Ilipita?"

"Haikupita."

"Basi haikuwa tayari," akasema kwa upole, akachukua chungwa moja katika yale aliyoleta mwenyewe, akaanza kulimenya.

Hilo ndilo linaloichoma familia hadi leo. Mtu akikuharibia miaka saba ya maisha, unategemea walau akuchukie. Huyu hakuwa na chuki wala kinyongo. Hakukumbuka. Aliua jambo kubwa kuliko yeye akiwa anafikiria chakula cha mchana, kisha akaja kula machungwa ya mgonjwa.

Alipoondoka, Mwalimu Skolastika, aliyekuwepo akisikia yote, alitaka kumfuata getini ampe yake. Mdogo wake akamzuia.

"Muache. Nipigie Abbasali."

"Utamwambia nini?"

"Sijui, dada. Wewe piga."

Namba alishaifuta. Ilipatikana kwa Editruda, ambaye muda wote huo alikuwa akisalimiana na Mehrunissa kila Idi na kila Krismasi. Imesemwa kwamba ndoa ilikwenda vizuri. Haikusemwa kwamba mume aliambiwa kila kitu.

Abbasali na mkewe walitoka Kunduchi, ambako ni ncha nyingine kabisa ya mji, wakafika kabla ya magharibi. Abbasali hakukaa. Apolinari alianza na lile zito kuliko yote.

"Mzee wako sikumzika."

"Hukumzika," Abbasali akasema.

"Nilidhani ni wewe uliyeandika yale."

"Yapi?"

Akaelezwa. Miaka yote hiyo alikuwa akijitafuta kosa: labda alitania vibaya, labda Mehrunissa alimkwaza Editruda, labda ni dini. Alisikiliza hadi mwisho, na uso wake ukawa mwekundu.

"Apo, mie nilikuwa nakuambia kazi yako uchafu umekaa kitandani mbele yangu, unakula ndizi yangu. Leo nijifiche ili iweje?"

"Majina yalikuwa yako. Yote manne."

"Ungeniuliza!"

"Hatuulizani, Abba. Unajua kabisa hatuulizani."

"Mie si jarida!" Abbasali alifoka mpaka Gaudensia akatoka chumbani. "Nimesimama mlango huo huo, naona viatu vyako. Nikafika nyumbani nikamwambia Mehrunissa umesafiri. Nimekudanganyia mke wangu ili nikufichie aibu yako!"

Apolinari akalia. Alilia kama watu waliochelewa wanavyolia, bila kujifunika. Abbasali akakaa mwishowe, pembeni ya kitanda, naye machozi yakamtoka. Mehrunissa ndiye aliyekata kilio. "Basi jamani, mgonjwa ale," akasema, akafungua chombo cha wali na kuku wa kuchemsha, bila chumvi hata chembe. Kabla ya kupika alimpigia Editruda simu akauliza shemeji anaruhusiwa nini.

Kabla hawajaondoka Abbasali alisema neno moja ambalo lazima lisomwe hapa. "La kuninunia nimekusamehe, Apo. La mzee siwezi, si langu. Hilo utakwenda Tanga ukamwambie mama." Marehemu akasema atakwenda. Alisema hivyo mwezi wa kwanza, akasema tena mwezi wa pili, na kila alipopanga, mashine ilikuwa inamsubiri.

Kuanzia hapo Abbasali alikuja kila Jumamosi na kalamu nyekundu. Waliitoa ile kazi ya visima, wakaanza ukurasa wa kwanza. "Huu uchafu," ilisikika hadi jikoni, na Editruda alisema hajawahi kusikia sauti tamu kama hiyo. Ukurasa wa pili waliutupa wote. Hawakuupeleka popote pa wasomi. Mwezi Aprili Abbasali aliisoma kazi hiyo kwa Kiswahili kwenye mkutano wa mtaa, marehemu akiwa kwenye kiti, amejifunika shuka. Mzee Sadallah alinyoosha mkono, akajitaja, akasema hakubali, kisima chake ni kisafi na kazi hii ni maneno ya watu wa vitabu. Apolinari akamjibu mwenyewe, kwa sauti ndogo, akamwambia kisima chako kiko hapa na choo cha jirani yako Jamali kiko hapa, na maji hushuka kuelekea hapa. Mzee Sadallah akauliza tena. Akajibiwa tena. Wiki iliyofuata alikifunga kisima kile. Huo ndio uhakiki pekee ambao kazi hiyo iliwahi kupata kutoka kwa mtu mwenye uso, ukiacha ule wa kitandani.

Apolinari alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Jumatano, tarehe 21 Mei 2025, akiwa na miaka arobaini na sita. Tanga hakuwahi kufika.

Watu wa chuo waliomba kwamba wakati wa mashada Profesa aitwe kwa jina lake na vyeo vyake vyote. Yupo, amekaa hema la wageni, na asubuhi aliuliza ataitwa wa ngapi. Familia imelijadili jambo hili kwenye kikao, na mjomba mmoja alisema tuyaache, msiba si mahali pake. Mjomba alisikilizwa, akashindwa. Wengine wote wataitwa kwa majina: majirani, wanakwaya, Mzee Sadallah, hata fundi aliyechimba msingi wa nyumba. Profesa ataweka shada lake pamoja na kundi, bila kutajwa, kwa kuwa ndivyo anavyopenda kufanya kazi. Mwongoza ratiba ameshaelekezwa.

Marehemu ameacha mjane, Editruda, watoto wawili, Isack na Gaudensia, dada mmoja, na Abbasali, ambaye msimtafute kwenye hema la wageni. Yuko hapa mbele na familia, na ndiye aliyeshika upande wa kichwa jeneza lilipotoka ndani.

Tukishaanua matanga, familia inakwenda Tanga kuhani msiba wa mwaka 2019. Tutakaa jamvini nyumbani kwa Mzee Mehdi, tutampa pole mjane wake, Bi Rabab, na tutamwambia kwamba Apolinari hakuja kuzika, na kwa nini hakuja, bila kumpunguzia kosa. Bi Rabab ameshapelekewa habari. Ametuma jibu kwamba tusile njiani.

Lala salama, Apo. Safari hiyo tuachie sisi.